Sheria na Mfuko Wako: Benki Imenikata Bila Kuniambia, Je, Naweza Kuishtaki?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka pande tatu za Mombasa, lakini zote zinalalamikia makato ya benki. Majina ya waandishi tumeyafupisha kwa ombi lao, na benki zenyewe hatukuzitaja.

Barua ya kwanza

Assalaam alaykum, ndugu mshauri. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Kibokoni, na hushona kofia nyumbani. Mwaka 2019 nilifungua akaunti ya akiba katika tawi moja la benki hapa mjini ili niweke karo ya mwanangu. Kila tarehe 5 ya mwezi benki huondoa shilingi 6,000 na kuzipeleka katika chama changu cha akiba na mikopo, kwa agizo nililolitia sahihi mwenyewe. Juzi niliomba taarifa ya akaunti ya miaka yote, na nilipoisoma usingizi ulinipaa. Kila mara salio lilipopungua tarehe 5, nilitozwa shilingi 1,500 kwa malipo yaliyoshindwa kupita. Jambo hilo limetokea mara tisa, na mara mbili kati ya hizo ni katika mwezi mmoja, tarehe 5 na tarehe 8. Kuna bima ya familia, shilingi 450 kila mwezi kwa miezi 26, ambayo sikuiomba wala sikuwahi kuisikia. Tena ada ya huduma, iliyokuwa shilingi 100 kwa mwezi, imekuwa shilingi 300 kwa miezi 30 sasa bila ya mtu kuniarifu. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa kaunta, kwa adabu zake zote, aliniambia, "Mama, hiyo ni sistimu." Mpwa wangu aliyeko Birmingham amenitumia barua ambayo anasema watu wa huko waliitumia wakarudishiwa pesa zao, nami nibadilishe jina tu. Je, niitumie? Na je, mahakama ya madai madogo itanisikiliza mimi nisiye na wakili dhidi ya benki nzima?

M. S., Kibokoni

Jibu

Wa alaykum salaam, Bi. M. S. Nianze na barua ya mpwa wako, kwa sababu ndiyo itakayokupotezea wakati ukiifuata. Hakukudanganya. Katikati ya muongo wa 2000, Waingereza wengi walizidai benki zao mbele ya mahakama za kaunti, kwa utaratibu wa madai madogo, wakisema kwamba ada ya kutoa pesa kupita salio au ya hundi kurudi ilikuwa kubwa kuliko hasara halisi ya benki na kwa hiyo ilikuwa adhabu isiyokubalika kisheria. Benki nyingi zililipa kimyakimya kabla ya kesi kusikizwa. Ila mwaka 2007 ilifunguliwa kesi moja ya mfano baina ya mamlaka ya biashara ya haki ya huko na benki kubwa pamoja na chama kimoja cha mikopo ya nyumba, kesi nyingine zikasimamishwa kuisubiri, na tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma, hivyo mamlaka hiyo haikuweza kuzipima kwa kigezo kwamba ni ghali kuliko huduma yenyewe. Ada zile zilikuja kubanwa baadaye na mdhibiti wa fedha, kwa kanuni zilizoanza Aprili 2020, wala si na barua za wateja. Kwa hiyo barua aliyokutumia mpwa wako imejengwa juu ya hoja iliyoshindwa huko huko kwao, na juu ya kanuni ambazo Kenya hazipo. Mshukuru, kisha uiweke kando.

Sisi tuna sheria yetu, na kwa suala lako naiona ni nzuri zaidi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 kinakataza mtoa huduma, na benki zimetajwa waziwazi, kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla haijatozwa au kabla huduma haijatolewa. Kinampa mteja pia haki ya kuelezwa ada zote, ziitwe kwa jina lolote. Swali la kifungu hiki ni jepesi kuliko lile la Waingereza, kwa kuwa halihitaji ujue kutuma pesa kunaigharimu benki kiasi gani, jambo ambalo wewe na mimi hatutalijua kamwe. Linauliza tu kama uliambiwa, na kama uliambiwa mapema.

Ya pili ni Sheria ya Benki, kifungu cha 44, kinachosema kwamba benki haiwezi kupandisha ada zake bila ya kibali cha Waziri wa Fedha kwanza. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupilia mbali rufaa ya benki moja na kushikilia kwamba kibali hicho kinahitajika hata kwa kupandisha riba. Ikiwa mkataba uliotia sahihi mwaka 2019 una sentensi, kama ilivyo mikataba mingi, kwamba benki yaweza kubadilisha ada wakati wowote ipendavyo, sentensi hiyo haiondoi sharti lililowekwa na Bunge.

Sasa twende kwenye taarifa yako. Nimeisoma nakala uliyoiambatisha, karatasi 41, na ningependa uisome tena kama nilivyoisoma mimi: rula mkononi, kalamu nyekundu kando, mstari baada ya mstari. Safu ya kushoto ni tarehe, kisha maelezo kwa herufi kubwa zilizokatwakatwa, kisha kilichotoka, kilichoingia na salio. Chini ya kila ada utaona mstari mwingine mdogo, wenye tarehe ile ile. Huo ni ushuru wa bidhaa unaokusanywa kwa niaba ya serikali, na hukokotolewa juu ya ada. Watu wengi huuruka wanapopiga hesabu kwa kudhani hauwahusu. Unawahusu, kwa sababu ada ikiwa haikustahili kutozwa, basi ushuru wake nao haukustahili kutoka mfukoni mwako, na unatakiwa uudai pamoja na ada yenyewe. Uandike katika safu yake peke yake, usiuchanganye.

Ukimaliza, utaona kwamba makato yako matatu hayana nguvu sawa, na hapa nitakuambia neno ambalo huenda usilipende. Shilingi 1,500 za malipo yaliyoshindwa kupita, ukizidisha mara tisa, ni 13,500, ndizo nyingi kuliko zote, na ndizo dhaifu kuliko zote. Katika fomu ya agizo uliyoitia sahihi, juu kidogo ya sahihi yako, yameandikwa maneno kwamba malipo yakikosa salio yatatozwa kwa mujibu wa orodha ya ada za benki, nawe umekiri kuipokea orodha hiyo. Kwamba kiasi hicho ni kikubwa kwa mshonaji kofia, nakubali. Lakini uliambiwa. Ukiyapeleka makato yote tisa mahakamani, wakili wa benki atainua fomu hiyo kwanza, na mwamuzi ataanza kuyatazama madai yako mengine kwa jicho la shaka. Yaache manane. Libakishe moja, lile la tarehe 8, kwa sababu agizo lako linataja tarehe 5 pekee na hakuna mahali lilipoiruhusu benki kujaribu tena siku tatu baadaye na kukutoza mara ya pili.

Bima ya familia ndiyo iliyo madhubuti. Miezi 26 kwa shilingi 450 ni shilingi 11,700. Iulize benki kwa maandishi ikuonyeshe fomu ya kuomba bima yenye sahihi yako, au ujumbe wa simu uliojibu kwa kukubali. Kama haipo, basi mbali na kifungu cha 56 unayo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo haimlazimishi mtu kulipia huduma asiyoiomba. Sheria hiyo humlinda anayenunua kwa matumizi yake au ya familia, si kwa biashara, na ni vizuri kwamba akaunti yako ni ya karo. Usiizungumze kana kwamba ni ya kofia.

Ada ya huduma iko katikati. Nyongeza ni shilingi 200 kwa miezi 30, yaani 6,000. Dai nyongeza tu, wala si shilingi 300 zote, kwa sababu ile 100 ya kwanza uliijua tangu ulipofungua akaunti. Benki itasema ilibandika tangazo tawini au ilikutumia arafa. Iulize tarehe ya arafa na nambari iliyotumiwa, na uulize kibali cha Waziri kilitolewa lini. Hesabu yako basi ni 11,700, 6,000 na 1,500, jumla shilingi 19,200, pamoja na ushuru uliozifuata. Ni pungufu ya shilingi 31,200 ulizokuja nazo, lakini hizi unaweza kuzisimamia mstari kwa mstari.

Kabla ya mahakama, andika barua kwa meneja wa tawi na nakala kwa makao makuu. Iwe fupi. Waweza kuandika hivi: "Mimi, mwenye akaunti iliyotajwa hapo juu, ninapinga makato yaliyoorodheshwa katika jedwali lililoambatishwa, yenye jumla ya shilingi 19,200 na ushuru wake. Ninaomba mnionyeshe, kwa kila kato, hati ambayo kwayo nilijulishwa ada hiyo kabla ya kutozwa, na kwa ada ya huduma, kibali kilichoruhusu nyongeza. Msiponionyesha hati hizo ndani ya siku 21, ninaomba mnirudishie kiasi hicho, na msipofanya hivyo nitawasilisha madai yangu katika Mahakama ya Madai Madogo." Zile siku 21 nimezichagua mimi, hazikuwekwa na sheria, muda wowote wa haki utafaa. Usitukane, usitaje dhuluma wala Siku ya Kiyama, maana barua hii itasomwa siku moja na mwamuzi. Peleka nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri wenye tarehe. Kijana yule wa sistimu atakupigia muhuri bila ya ubishi. Hiyo ni kazi yake ya kila siku.

Waweza pia kulalamika kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi hapa mjini, au kwa Mamlaka ya Ushindani. Naona ni vyema kufanya hivyo, kwa kuwa benki humwogopa mdhibiti kuliko mteja. Lakini usisubiri majibu yao ndipo ushike njia ya mahakama.

Mahakama yenyewe iliundwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na Mombasa tunayo. Kiwango cha juu cha madai kilikuwa shilingi 200,000 kabla ya kupandishwa mwaka 2020 hadi 1,000,000. Husikiliza madai ya mikataba ya bidhaa na huduma, na ya pesa za mtu zilizoshikwa na mwingine. Lako linaingia katika yote mawili. (Usiende kwenye jengo la Mahakama ya Zamani lililo mkabala na Ngomeni (Fort Jesus). Lile la mwaka 1902 limo mikononi mwa makumbusho, na kila mara nasikia habari za mtu aliyekwenda na bahasha yake akaonyeshwa picha za sanaa.)

Wakili si lazima. Mwaweza kufika wenyewe, na mahakama hii haifungwi kikamilifu na kanuni ngumu za ushahidi, ndiyo maana jedwali lako la kalamu nyekundu litapokewa na kusomwa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba, kwa hiyo jieleze kwa Kiswahili chako, kwani Kiingereza cha kubahatisha kimewaponza wengi waliokuwa na haki. Hati za madai huwasilishwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama, na ikiwa mtandao unakusumbua, mwombe mwanao huyo wa karo akae nawe. Jambo moja watu hulikosea sana: ishtaki benki kwa jina lake kamili la kampuni. Tawi la benki si mtu mbele ya sheria, na meneja si mdaiwa.

Sheria inataka kesi isikizwe siku hadi siku na imalizike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na kuahirisha ni kwa sababu zisizo za kawaida tu. Kwa hakika mambo huenda polepole kidogo, na mara nyingi anayeomba kuahirisha ni wakili wa benki. Ikitokea hivyo, simama, sema kwa heshima kwamba uko tayari na karatasi zako unazo, na uombe tarehe ya karibu. Benki ikikuita pembeni kupatana kabla ya kusikizwa, sikiliza, kwa sababu mahakama yenyewe hupendelea mapatano. Ila maafikiano yaandikwe na yasajiliwe mahakamani, na kusiwe na neno la kwamba watakurudishia "kwa hisani". Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu. Ukishindwa, waweza kuamriwa ulipe gharama, na hilo ndilo lililonifanya nikushauri uyaache yale makato manane.

Umeuliza pia, mwishoni mwa ukurasa wa pili, kama watakufungia akaunti. Wanaweza kukupa notisi ya kuifunga, kama mkataba unavyowaruhusu, lakini hawawezi kuzuia akiba yako. Kama hofu hiyo inakusumbua, fungua nyingine kwingine kabla ya kupeleka barua, na uihamishie karo.

Barua ya pili

Ndugu mshauri, nilikopa shilingi 400,000 kununua tuktuk ya kufanya kazi Likoni. Nililipa vizuri hadi nilipopata ajali na kukaa nyumbani. Deni la msingi lilikuwa limebaki shilingi 180,000 nilipoacha kulipa. Sasa miaka imepita, na benki inanidai shilingi 460,000. Je, niwashtaki katika mahakama hiyo ya madai madogo?

H. J., Likoni

Jibu

Bwana H. J., pole kwa ajali. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu mwaka 2007, kinaweka kikomo. Mkopo ukishakuwa usiolipika, riba inayoweza kudaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa hivyo baada ya siku 90 bila ya malipo. Kwako, kikomo ni 180,000 za msingi na 180,000 za riba, jumla 360,000, pamoja na gharama halisi za kulikusanya deni. Kwa hiyo kuna shilingi 100,000 ambazo benki lazima izieleze kwamba ni gharama gani, kwa risiti: dalali nani, lini, na kwa kazi ipi. Mara nyingi sehemu hii huwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "gharama za ukusanyaji", usio na chochote nyuma yake.

Jihadhari na kosa moja. Kama uliwahi kuanza kulipa tena baada ya kukwama, kisha ukakwama tena, hesabu huanza upya kutoka tarehe ya mwisho, na takwimu zako hubadilika. Angalia taarifa ya mkopo, si kumbukumbu.

Ama kushtaki, singekushauri uanze wewe. Hujalipa kilichozidi, kwa hiyo hakuna pesa za kurudishiwa, na ukifungua madai benki itajibu kwa kukudai deni lote katika kesi hiyo hiyo. Waandikie, onyesha hesabu ya 44A, na jitolee kulipa kiasi usichokipinga kwa awamu unazoziweza. Wakikupeleka mahakamani wao, hesabu hiyo ndiyo utetezi wako. Na ikiwa rehani si tuktuk bali ni kiwanja cha marehemu baba, na notisi ya mnada imeshatoka, achana na mahakama ya madai madogo kabisa, kwa sababu haina mamlaka juu ya umiliki wa ardhi. Hapo tafuta wakili wiki hii hii.

Barua ya tatu

Nilifungua akaunti nikiwa mwanafunzi Tudor, nikaisahau. Sasa benki inasema ina salio la hasi shilingi 1,240 kwa sababu ya ada za kila mwezi. Lazima nilipe?

A., Tudor

Jibu

Mwanangu, inategemea akaunti uliyofungua iliitwaje. Akaunti nyingi za wanafunzi huanza bila ya ada, kisha benki huigeuza kimyakimya kuwa ya kawaida umri au muda fulani ukipita. Omba kuonyeshwa tarehe ya kugeuzwa na jinsi ulivyojulishwa. Kama hukujulishwa, kifungu kile kile cha 56 nilichomweleza Bi. M. S. kinakuhusu nawe. Madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6, kwa hiyo ada za zamani zaidi ya hapo wasikubebeshe.

Kwa shilingi 1,240 sikupeleki mahakamani. Nauli ya kwenda na kurudi nayo itaila sehemu. Andika barua ya mistari minne ukiomba deni lifutwe na akaunti ifungwe, mpe afisa wa kaunta, na umwombe cheti cha kuthibitisha kwamba imefungwa na haina deni. Usilipe hata shilingi moja kabla hujajibiwa, maana malipo madogo huiamsha akaunti, na mwezi ujao ada itaanza tena.